M Tatu Kabla ya H

Mikono ya mtafsiri haikutulia hata alipoilaza mapajani.

"Usinitazame kwa huruma, afande," alisema. "Mikono hii hii imefasiri vitabu vilivyojaa rafu ile pale. Vuta kiti uone."

Inspekta alivuta kiti. Huruma hakuja nayo. Alikuja kwa sababu mume wa mwanamke huyu alikuwa mahabusu, mdogo wake wa kiume alikuwa hospitali hajitambui, na mkuu wa kituo alitaka mume apelekwe mahakamani kabla wiki haijaisha, kwa kosa la kumpasua kichwa shemeji yake.

Kesi ilionekana nyepesi, na hicho ndicho kilichomkera Inspekta. Mdogo mtu alikuwa mtengeneza programu za kompyuta. Mtaani walimwita Mabano, kwa sababu hata akikuandikia salamu ya kawaida lazima aweke maneno mengine ndani ya mabano. Juzi asubuhi alikutwa sakafuni chumbani kwake, mlango wazi, kikombe cha chai kimepinduka mezani, kompyuta yake haipo. Siku moja kabla ya hapo alikuwa amegombana uani na mume wa dada yake, mchomeleaji wa mageti, kwa ajili ya mashine ya kutobolea iliyoazimwa ikarudi imevunjika sindano. Mchomeleaji alipandwa na hasira, akasema mbele ya majirani wote, "Wewe nitakupasua kichwa!" Na asubuhi ya tukio alikuwa peke yake, akifunga geti kwenye nyumba ambayo wenyewe wamesafiri. Hakuna aliyemwona.

"Mume wangu ana mdomo," mtafsiri alisema, kana kwamba amesoma mawazo yake. "Mdomo tu."

"Ndiyo maana niko hapa," Inspekta alijibu. "Sijawahi kukutana na mtu anayetangazia mtaa mzima atakalofanya, akalifanya kesho yake, halafu akaondoka na kompyuta ambayo hata kuiwasha hajui. Nionyeshe hiyo programu mdogo wako aliyokuandikia."

Koplo aliyekuja naye, kijana mrefu wa kitengo cha makosa ya mtandao, aliinama nyuma ya kiti ili aone vizuri. Mtafsiri aliweka vidole kwenye kibodi. Vidole viligonga, vikateleza, vikagonga tena pale pale. Mtu mwenye macho makali angeona kwamba alikuwa anabonyeza *nnilikkwendda sokkoni*. Kwenye skrini yakatokea maneno safi: *nilikwenda sokoni*.

"Konsonanti ikijirudia, inabaki moja," alieleza. "Mdogo wangu alisema Kiswahili kimetusaidia, hakina tabia ya kurundika konsonanti mbili mbili."

"Na vokali? Saa, mzee, kaa?"

"Vokali mbili anaziacha. Zikifika tatu ndipo anapunguza. Alikaa hapo ulipokaa wewe, akawa ananitazama ninavyokosea, kisha akaenda kuandika. Mwezi mzima alinitazama nikikosea! Ningekuwa na aibu ningekwisha kufa."

"Aliinunua wapi?"

"Hainunuliwi, afande," Koplo aliingilia. "Kihariri hiki, yaani hii programu ya kuandikia, kaitunga mwenyewe, kwa lugha ya skripti. Dirisha, menyu, kitufe cha kuhifadhi, hivyo vyote viko tayari kwenye maktaba za lugha yenyewe, yeye anaviita tu vinakuja. Akili yake yote kaipeleka kwenye herufi."

"Nieleze kama unamweleza mama yako."

Koplo alikuna kidevu. "Kuna programu ambazo zinasagwa kwanza, kama nafaka. Ukipewa unga, punje huzioni tena. Hii ya skripti haisagwi. Ni maandishi, kompyuta inayasoma na kuyatenda hapo hapo. Ukitaka kubadilisha jambo, unafungua, unabadilisha mstari, unawasha upya. Umemaliza."

"Kwa hiyo mtu anaweza kuirekebisha huku anaongea na simu."

Koplo kabla hajajibu, mtafsiri aliguna. "Ndivyo alivyofanya juzi."

Inspekta hakusogea, ila kalamu yake iliacha kuchezacheza. "Juzi lini?"

"Asubuhi ile ile. Mimi ndiye mtu wa mwisho kuongea naye." Aligeukia kibodi. "Ona tatizo lilivyokuwa. Naandika *mtu mmoja*."

Skrini iliandika *mtu moja*.

"Umeona? Programu inakula m yangu. Mmea unakuwa mea, watu wanne wanakuwa wane. Shirika la uchapaji walinirudishia kurasa, wakaniuliza kama nimeanza kujifunza Kiswahili ukubwani. Nikampigia mdogo wangu, nikamwambia, wewe, mashine yako inanidhalilisha. Akasema, 'Usikate simu dada, nakuwekea sasa hivi.' Akaniuliza maneno, nikamtajia. Nikawa namsikia anagonga vitufe. Baada ya muda akanisomea: mtu mmoja, watu wanne, zote zimekaa sawa."

"Basi?"

Kwa mara ya kwanza mtafsiri alitabasamu. "Halikuwa hilo tu. Kwenye riwaya ninayofasiri kuna bibi mmoja hasemi. Ukimwambia nyumba inaungua anakujibu 'Mmmh.' M tatu. Zikiwa mbili amekubali, zikiwa tatu hakuamini. Programu ilikuwa inaniandikia 'Mh', bibi anaonekana ana mafua. Nikamwambia, na bibi yangu je? Mdogo wangu alicheka mpaka akapaliwa na chai. Akasema, 'Bibi nampa sheria yake peke yake: m tatu kabla ya h, usiguse.' Akaiandika. Akaijaribu, akanisomea. Akasema mchana ananiletea."

"Akakuletea?"

Tabasamu lilikwisha. "Nilisikia hodi kwake. Akasema, 'Ngoja dada, kuna mtu,' akakata simu."

"Hodi ya nani?"

"Mwanamume, kwa mbali. Siwezi kuapa. Lakini sauti ya mume wangu ningeitambua hata angeisemea ndani ya pipa."

Inspekta alimwelekea Koplo. "Angeweza kumtumia mtu hayo marekebisho kabla ya kufungua mlango?"

"Kwake hakuna intaneti," dada mtu alijibu. "Ananiletea kwa flash, mkononi. Anasema ndicho kisingizio chake cha kuja kula."

"Na simu yake haikutuma chochote baada ya mazungumzo hayo," Koplo aliongeza. "Nilipata taarifa za kampuni ya simu jana."

Inspekta alizipanga zile habari kichwani kama mtu anayepanga vyombo kabatini. Nakala ya mtafsiri ilikuwa ya zamani, bado inakula m. Nakala mpya ilizaliwa asubuhi ile, ikaishi ndani ya mashine moja tu, na mashine hiyo ilichukuliwa na aliyebisha hodi.

"Dada," alisema taratibu, "nani mwingine anaitaka programu kama hii?"

Mtafsiri alitoa karatasi ya rangi chini ya kitabu. "Mtaalamu wangu wa mazoezi ya viungo alinipa jana. Nilitaka kukupigia, nikaogopa utasema natapatapa kumwokoa mume wangu."

Lilikuwa tangazo. *Kihariri cha kwanza kwa mikono inayotetemeka*, maandishi yalitamba, na chini yake mwanamume mwenye suti alikuwa anacheka kwa meno yote. "Huyu alisoma na mdogo wangu. Walikuwa hawaachani hata chooni. Siku hizi anajiita Mhandisi, ana ofisi yenye milango ya vioo. Mwaka jana waliacha kusalimiana."

"Waligombea nini?"

"Yeye alitaka kuuza. Mdogo wangu alitaka kuwapa watu wa hospitali bure."

Inspekta alikunja tangazo, akainuka. "Naomba nakala yako kwenye flash. Na leo simu yako isizimwe."

*

Garini simu ya mkuu wa kituo iliwakuta kwenye foleni ya taa.

"Inspekta, faili la mchomeleaji liko wapi?"

"Mezani kwangu, mkuu."

"Na wewe uko wapi?"

"Naenda kumtafuta wa kumbadili."

Mkuu alivuta pumzi ndefu. "Una mpaka jioni. Usinitie aibu."

"Mchana unatosha," Inspekta alisema, akakata simu. Koplo alimtupia jicho la pembeni, akaamua ni salama zaidi kutazama barabara.

"Afande, kuna tatizo," alisema baadaye kidogo. "Tukikuta programu yenyewe, atasema ni ya kwake. Skripti ni maandishi. Mtu anafuta jina hili, anaandika lile, anabadilisha rangi ya dirisha, na kazi ya mwenzake imekuwa yake. Hakuna muhuri."

"Atabadilisha anachokijua," Inspekta alisema. "Mimi nataka asichokijua."

*

Mhandisi aliwapokea kwa mbwembwe. Aliwatolea maji ya chupa, akamwita Inspekta "mama" mara nyingi kuliko watoto wake wa kuwazaa, akasikitika sana kuhusu rafiki yake wa zamani. "Nimesikia mmemkamata shemeji mtu. Dunia imekwisha, mama. Ndugu kwa ndugu!"

"Tunaendelea kuuliza," Inspekta alisema. Alizungusha macho ofisini: meza pana, skrini mbili, kabati la chuma, picha za Mhandisi akipeana mikono na watu. "Tangazo lako limenivutia. Mama yangu mzazi mikono imeanza kutetemeka. Programu hii uliitengeneza na nani?"

"Peke yangu. Kutoka kichwani mpaka kwenye skrini."

"Kila mstari?"

"Kila herufi, mama. Keshokutwa naionyesha bodi ya hospitali."

"Nionyeshe mimi kwanza."

Mtu anayejisifu hapewi jukwaa akalikimbia. Mhandisi aliiwasha. Dirisha lilikuwa la buluu, jina la kampuni yake limekaa juu kwa herufi kubwa. Inspekta alivuta kibodi, akaanza kubonyeza makusudi kama mtu anayetetemeka mikono. *Nnilikkwendda.* Skrini ikaandika *nilikwenda*. Alipiga *mmmoja*. Skrini ikaandika *mmoja*.

"Nzuri," alisema. "Hapa m zilikuwa tatu, imeniachia mbili. Kwa nini haikuacha moja?"

"Kwa sababu neno ni mmoja," Mhandisi alicheka. "Programu inajua Kiswahili, mama."

"Safi. Na hii?" Alipiga herufi nne polepole, akaondoa mikono.

*Mmmh.*

Skrini haikugusa kitu. M zote tatu zilibaki zimesimama.

Kicheko cha Mhandisi kilififia. Aliinama, akafuta, akaandika mwenyewe. *Mmmh.* Akafuta tena. Akaandika *mmmk*, ikawa *mk*. Akarudia *Mmmh*. Ikabaki.

"Kwa nini hii haikupunguzwa?" Inspekta aliuliza.

"Ni... hitilafu ndogo. Programu yoyote ina hitilafu. Nitaiondoa leo leo."

"Koplo amenifundisha kwamba skripti hufunguliwa ikasomwa. Tufungulie."

"Hayo ni mali ya kampuni."

Inspekta aliweka mezani hati ya upekuzi waliyoipitia mahakamani njiani, akailainisha kwa kiganja. Mhandisi aliisoma, akaisoma tena. Jasho lilianza kumtoka ingawa kiyoyozi kilikuwa kinanguruma. Koplo alizunguka meza, akafungua faili, akatelemka taratibu mpaka alipopata alichokitaka.

"Si hitilafu, afande. Ni sheria imeandikwa makusudi, ina mahali pake. M tatu zikifuatwa na h, ziache zilivyo."

"Umeiandika wewe, Mhandisi. Kila herufi," Inspekta alisema. "Uliiandika kwa ajili ya nani?"

Mhandisi aliivuta chupa yake ya maji.

"Swali jepesi hilo. Mtu hawezi kusahau kwa nini amezipendelea m tatu."

Mhandisi alikunywa maji, na alipoirudisha chupa alikuwa ameshapata uwongo mwingine. Inspekta alimwona akiupata. Mabega yalishuka, sauti ikawa ya toba. "Sawa, mama. Nitasema ukweli. Msingi wa programu ni wa Mabano. Alinipa nakala yeye mwenyewe, kwa moyo mweupe, tulivyokuwa tunapatana. Nimekosea kutomtaja. Hilo ni kosa la ustaarabu, si la jinai."

"Alikupa lini?"

"Mwezi uliopita."

"Tangu hapo amekupa nyingine?"

"Hapana. Hatujaonana tena. Nilikuwa na shughuli nyingi."

"Hata juzi hukupita kwake?"

"Juzi? Sijakanyaga kwake tangu mwezi uliopita. Naapa."

"Na wewe umeongeza nini kwenye hiyo nakala?"

"Rangi. Jina. Basi." Alijaribu kutabasamu. "Hayo mambo ya m tatu ni ya kwake, mumuulize akipona."

"Koplo, umeandika?"

"Kila neno, afande."

"Msomee."

Koplo alisoma. Mhandisi alitikisa kichwa kukubali, hata akasaini kwa haraka ya mtu anayeona mlango umefunguliwa. Hapo Inspekta alitoa flash mfukoni, akampa Koplo, na Koplo akaichomeka kwenye kompyuta yake mwenyewe. Dirisha la kijivu lilifunguka, halina jina la kampuni yoyote.

"Hii ndiyo nakala aliyoandikiwa dada yake. Mabano aliisasisha mara ya mwisho wiki iliyopita. Andika mtu mmoja."

Mhandisi hakuinua mkono. Koplo aliandika. *Mtu moja.*

"Andika ile nyingine."

Koplo aliandika. *Mh.*

"Wiki iliyopita programu ya Mabano ilikuwa haijui mtu mmoja," Inspekta alisema. Hakupandisha sauti, hakuhitaji. "Wewe unaniambia alikupa mwezi uliopita, hukuongeza kitu ila rangi, na yako inajua. Ilijifunza wapi?"

"Labda... labda alikuwa na nakala mbili. Ya zamani akampa dada yake."

Inspekta alipiga simu, akaiweka mezani kwa sauti ya wazi. Mtafsiri alipokea mlio wa kwanza haujaisha.

"Dada, niambie tena. Ile sheria ya bibi, mdogo wako aliiandika lini?"

"Juzi asubuhi, nikiwa naye kwenye simu. Akaisoma, tukacheka. Halafu mtu akabisha hodi." Sauti ilisita. "Afande, mmeiona? Mmeiona mahali?"

"Nitakupigia, dada."

Kiyoyozi kilidondosha maji kwenye ndoo. Mhandisi aliitazama skrini yake ya buluu, zile herufi nne zikiwa bado zimekaa pale. Sasa maji yalikuwa yamemfika shingoni na alijua.

"Hukujua kama ameigusa asubuhi ile," Inspekta alisema. "Ulibeba mashine, ukanakili kilichokuwa ndani, ukabadilisha majina yote uliyoyafahamu. Hili hukulifahamu, kwa hiyo ukalipita. Ulibisha hodi angali na simu mkononi. Kompyuta yake iko wapi?"

Mhandisi alifungua mdomo, akaufunga. Macho yake yalikwenda kwenye kabati la chuma, yakarudi mbio, lakini Koplo alishaanza kutembea. Ndani, nyuma ya makasha ya matangazo, kulikuwa na mfuko wa nguo. Ndani ya mfuko kulikuwa na kompyuta ya kijivu iliyochakaa pembe, na juu ya kifuniko chake kulikuwa na doa la chai lililokauka. Koplo alivaa glavu kabla ya kuigusa.

"Sikwenda kumdhuru," Mhandisi alisema. Zile "mama" zilikuwa zimekwisha. "Yangu ilikataa kufanya kazi. Bodi inanisubiri, matangazo yameshachapwa, watu wananipongeza. Nilimwomba. Nilimwomba kama ndugu! Akasema anawapa hospitali bure wiki hii, hana haja ya mtu wa kati. Akanipa mgongo. Aliona nimemaliza kusema, akanipa mgongo na kwenda kuketi."

"Ukamsukuma au ukampiga?"

"Nilimvuta. Akajipiga kona ya meza." Alifunika uso. "Alikuwa anapumua. Nilisikia anapumua."

"Ulisikia anapumua, ukachukua kompyuta, ukatoka."

Mhandisi alibaki ameufunika uso. Koplo alimwinua taratibu, akamfunga pingu. Nje ya kioo wafanyakazi walikuwa wamesimama na vikombe vyao, hakuna aliyethubutu kupiga hatua. Alipofika mlangoni Mhandisi aligeuka.

"Atapona?"

"Swali hilo," Inspekta alisema, "lilikuwa la kuulizwa juzi, na ulikuwa unaweza kuliuliza kwa simu, bila hata kutaja jina lako. Tembea."

Chini, kwenye maegesho, alisubiri mpaka Koplo amfunge mtu wake kiti cha nyuma na askari aliyeitwa kutoka kituoni akae naye. Kisha alimpigia mkuu wa kituo. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, jambo lisilo la kawaida, akauliza tu kama kompyuta imepatikana. Aliposikia ndiyo, akasema mchomeleaji aandaliwe karatasi za kutoka.

Simu ya pili ilikuwa ya mtafsiri. Kabla Inspekta hajasema neno, upande wa pili ulikuwa unalia na kucheka kwa pamoja.

"Hospitali wamenipigia, afande. Amefumbua macho. Hasemi bado, lakini muuguzi anasema amemshika mkono akaubana. Wananiita niende. Na mume wangu? Mume wangu itakuwaje? Niende wapi kwanza, hospitali au kituoni? Niambie, maana mimi hapa nimesimama mlangoni na viatu visivyofanana."

Inspekta alifungua mlango wa gari, akakaa nyuma ya usukani, akawasha injini.

"Nenda hospitali, dada," alisema. "Mumeo nakuletea mimi mwenyewe."